Jumapili Niliyotazamwa Mara Mbili

Ujumbe kutoka nyumbani ulinifikia Alhamisi, kwa mdomo wa kondakta wa basi la Butiama. Alisimama kwenye dirisha la ofisi yetu ya ushirika wa pamba, mjini Musoma, akagonga kioo kwa kucha, akasema mbele ya watu wote: "Wewe binti, baba yako anasema Jumapili uje nyumbani. Kuna wageni wanakuja kukuona. Usichelewe."

Akaenda zake kupakia mizigo. Mimi nikabaki na mashine yangu ya kuchapa, na makarani wote wameinua vichwa.

Nilijua ni wageni gani. Mama alishanidokeza wakati wa Pasaka: familia moja ya upande wa Bunda, wakulima wa pamba, watu wa kanisa, wana ng'ombe na wana kijana wa kuoa. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Wasichana niliosoma nao walikuwa wanabeba watoto mgongoni, na kila nikienda nyumbani mama alikuwa ananitajia majina ya watoto hao kama mtu anayenisomea orodha ya madeni. Sikuwa nimesema nataka kuolewa. Sikuwa nimesema sitaki. Nilikuwa sijui, na kutojua huko kulinifanya nisikae mahali pamoja. Nilianza kuchapa barua, nikainuka kwenda kunywa maji, nikarudi, nikasahau nilikuwa nimefika wapi.

Halafu kulikuwa na jambo la pili. Jumapili ileile nilikuwa nimeahidi kwenda kupigwa picha.

Miaka ile Azimio lilikuwa limeshazoeleka masikioni, watu wanaitana ndugu, na kila jambo lilifanywa kwa kikundi. Kulikuwa na kikundi cha kulima, cha kwaya, cha ngoma, cha kufyatua matofali. Pale Musoma kulikuwa pia na kikundi cha wapiga picha. Mwenyekiti wao alikuwa mwenye studio mjini, mtu mnene wa miwani, ambaye wiki nzima alikuwa anapiga picha za vitambulisho na za maharusi waliokauka kwenye viti. Wengine walikuwa karani wa posta, fundi wa saa, na mwalimu mmoja aliyekuwa anatoka Bunda kwa basi la alfajiri na kamera yake kwenye mfuko wa ngozi. Jumapili moja kila mwezi walitoka pamoja kwenda kupiga picha wanazozitaka wenyewe: mitumbwi, ng'ombe wakinywa maji, wanawake wakianika dagaa. Mwezi ule wakasema wamechoka kuwavizia watu na kutupiwa mawe. Wanataka watu waliokubali wenyewe, waliovaa wakapendeza, wasimame kwenye mawe ya ufukweni kule Makoko, wapigwe picha taratibu mchana kweupe.

Aliyenitaja kwao ni rafiki yangu muuguzi, ambaye nilipanga naye chumba Buhare. Alikuwa mwanamke mwenye mwili na kicheko, mtu asiyeogopa macho ya watu.

Nilipomweleza habari za wageni wa Bunda alisema, "Basi la Butiama linaondoka saa saba mchana. Saa tano tutakuwa tumemaliza. Utapigwa picha, utapanda basi, utafika, utatazamwa. Shida iko wapi?"

"Mbona unasema kama ni rahisi?"

"Wewe ndiye huwaga unafanya mambo yawe magumu."

Ningeweza kukataa, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini picha niliyokuwa nayo ya utu uzima wangu ilikuwa moja tu, ya kitambulisho cha kazini, ambamo nimetoa macho kama mtu anayesomewa mashtaka. Kama kweli nilikuwa karibu kuondoka kwa baba yangu na kwenda kuishi kwa watu, nilitaka kwanza nijione.

*

Jumapili nilisali misa ya kwanza, na sikusikia hata neno moja la mahubiri. Chai ilinishinda. Nilivaa gauni langu la buluu, nikalivua, nikavaa la maua, nikalivua, nikarudia la buluu. Muuguzi alinitazama kwa kitambo, kisha akanishika mkono akanitoa nje kabla sijafungua sanduku tena. Nilibeba na mfuko wangu wa safari ili nikitoka Makoko nielekee stendi moja kwa moja.

Wapiga picha walikuwa wamefika. Walikuwa wamesimamisha kamera kwenye vyuma vya miguu mitatu juu ya mawe, na wanabishana. Pembeni alisimama mtu mwingine aliyekuja kupigwa picha, kijana mrefu sana, golikipa wa timu ya wilaya. Alikuwa amekuja kwa pikipiki ya kaka yake, na amevaa suruali ya bugaluu pana kiasi kwamba upepo wa ziwa ulipovuma ilipiga makofi.

Ubishi wenyewe ulikuwa juu ya jua. Mwenyekiti alisema jua kali linaharibu uso wa mtu, linamwekea mashimo machoni, kwa hiyo wasubiri wingu. Mwalimu wa Bunda alisema hakuja na basi la alfajiri kusubiri wingu.

"Ndugu mwenyekiti, watu wetu wanaishi kwenye jua. Tuwapige kwenye jua."

"Ndugu mwalimu, wewe huwaga husafishi picha zako mwenyewe. Mimi ndiye ninayeziona zikitoka nyeusi."

Wakakubaliana kuanza huku wakisubiri. Golikipa akaambiwa aruke kwenye mchanga kana kwamba anadaka mpira, na akaruka, akaruka tena, hadi bugaluu ikajaa mchanga. Muuguzi akapandishwa kwenye jiwe kubwa kabisa. Akasimama pale mkono kiunoni, ziwa lote nyuma yake, na kamera zikaanza kulia. Hakufundishwa kitu. Walimwambia cheka, akacheka kweli. Walimwambia tazama mbali, akatazama visiwani kama mtu aliyeacha kitu chake kule.

Zamu yangu ilipofika, nilipanda jiwe. Wanaume wote wale walinizunguka, kila mmoja akiniita upande wake. "Huku, ndugu!" "Kidevu chini." "Usibane mdomo." "Mabega!" Nilipomgeukia karani wa posta, fundi wa saa alilalamika. Nilipotulia sekunde moja, nilikumbuka basi, nikageuza kichwa kutazama barabara ya mjini, na mwenyekiti akainuka nyuma ya kamera yake huku akishusha pumzi.

"Binti, umetikisika tena. Kuna mtu unamsubiri?"

"Hapana."

"Kuna mtu anakusubiri?"

Muuguzi akacheka kwa sauti. Ndipo akaja, akavua kitambaa chake chekundu, akanifunga kichwani, akanipaka poda kidogo kutoka kwenye mkoba wake, akaninong'oneza, "Wasikuvuruge. Hawa wanaogopa kuliko wewe. Filamu ni ghali."

Sijui kama ilinisaidia. Nilisimama, nikapigwa picha kadhaa, kisha wingu la mwenyekiti likaja kutoka visiwani, na wote wakamkimbilia muuguzi tena kwa sababu yeye alikuwa anatulia. Mimi nikaachwa na mwalimu wa Bunda peke yake, ambaye hakulitaka lile wingu. Kamera yake ilikuwa ya aina ya kutazamia juu: unaiweka kifuani, unainamisha kichwa, unatazama kwenye kioo kidogo. Alipoinama hivyo alionekana kama mtu anayesali.

Nikamuuliza, "Unaona nini humo?"

Aliniangalia, akavua mkanda wa kamera shingoni, akanivisha mimi. "Inama uone."

Niliinama. Mle ndani ya kioo kulikuwa na ziwa dogo la rangi zote, linang'aa kuliko lile la nje, na muuguzi mdogo kama kidole amesimama kwenye jiwe lake. Nilisogeza kamera kulia, na muuguzi akaenda kinyume. Niliposogea kushoto alirudi. Nilicheka peke yangu. Mwalimu alinionyesha namna ya kuzungusha kitufe hadi uso utoke kwenye ukungu, na nikamtafuta golikipa, nikawatafuta wapiga picha wenyewe wakiwa wamepiga magoti, nikautafuta mtumbwi uliokuwa unapita. Tangu Alhamisi nilikuwa sijatulia, na pale nilitulia. Kila kitu kilikuwa ndani ya kioo na mimi nilikuwa nje, na hakuna aliyekuwa ananiita.

Nilipoinua kichwa, kivuli changu kilikuwa kimelala upande mwingine.

"Saa ngapi?" niliuliza.

Fundi wa saa akatazama mkononi. "Saa saba imepita kitambo."

*

Hakukuwa na basi jingine siku ile. Nilikaa kwenye jiwe nikaona uso wa baba yangu, jinsi anavyokunja midomo akiaibika mbele ya watu. Muuguzi alisema nitume salamu kwamba naumwa. Nani angezipeleka? Hapo golikipa akajipangusa mchanga.

"Mimi nitakupeleka. Butiama si mbali kwa pikipiki."

Nilijua maana ya kufika nyumbani siku ya wageni wangu, nimekaa nyuma ya kijana wa bugaluu. Nilijua pia maana ya kutofika. Nilichukua mfuko wangu nikapanda.

Tulipita Bweri, lami ikaisha, tukaingia kwenye vumbi. Golikipa alikuwa mtu wa mbio, na kila nilipompiga begani kumwambia apunguze, alidhani ninamhimiza. Niliinamisha kichwa mgongoni kwake. Mbele ya njia panda, mahali ambapo mabasi ya Bunda hushushia watu wa Butiama, tuliwakuta wanaume watatu wanatembea katikati ya barabara na baiskeli wanayoikokota, kuku amefungwa kwenye kiti cha nyuma. Golikipa alipiga honi. Waliruka kando. Nilipogeuka nyuma sikuwaona wao, niliona vumbi tu.

Kabla ya mji wetu, kwenye ukingo wa shamba la pamba la jirani, nilimwambia asimame. "Nitatembea kutoka hapa."

"Sawa, dada." Alitazama kilima chenye nyumba yetu, kisha akanitazama mimi, akaelewa. "Waambie umekuja kwa lori."

Akageuza, akarudi kwa njia ileile, mbio zilezile.

Mama alinikuta nyuma ya nyumba. Hakuuliza kwa nini nimechelewa, kwa sababu sikuwa nimechelewa. Wageni walikuwa bado hawajafika. Aliuliza, "Nani amekupaka unga usoni?" Akanimiminia maji ya kata, nikanawa haraka, nikakitia kitambaa chekundu kwenye mfuko. Moyo ulikuwa bado uko barabarani.

Baadaye kidogo mbwa walibweka, na wageni wakaingia uani. Walikuwa watatu, na baiskeli, na kuku. Walikuwa wekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu.

Niliwaletea maji ya kunawa. Wa kwanza alikuwa baba mdogo wa yule kijana wa kuoa, ndiye msemaji wao, mtu mkavu aliyevaa koti. Wa pili alikuwa mzee mmoja jirani yao, amekuja kama shahidi. Wa tatu alikuwa kijana mwenyewe. Sikumtazama. Niliona tu mikono yake, mipana, yenye mikwaruzo ya mtu anayechuma pamba.

Baba alisema, "Poleni na safari. Mmetoka na vumbi jingi."

Baba mdogo alikuwa amelisubiri neno hilo. "Si vumbi la Mungu hili, mzee mwenzangu. Tumepitwa na pikipiki. Inakwenda kama inafukuzwa. Tumejipangusa, tumesema basi, imerudi tena, imetumwagia mara ya pili! Kijana amevaa suruali kama sketi mbili. Na mara ya kwanza alikuwa amempakia msichana, amejifunga kitambaa chekundu, uso mweupe kwa poda. Nikasema, hawa ndio wanaoharibu nchi. Nikasema, ashukuriwe Mungu, tunakokwenda sisi ni kwenye nyumba ya heshima."

Baba akaitikia kwa koo. Mama alikuwa mlangoni, nikaona akinitazama upande wa sikio. Niliinua mkono nikajigusa. Poda ilikuwa imebaki pale, chini ya sikio, imegandamana na vumbi. Na nilipoteremsha mkono, niliona kijana wa kuoa naye anatazama palepale.

Hakusema kitu. Angeweza kusema. Alikunja mikono yake akatazama chini.

Ningeweza kwenda jikoni. Chakula kilikuwa tayari, ugali na nyama ya mbuzi, na sababu za kutoka zilikuwepo. Lakini nilikuwa nimechoka kukimbiakimbia ndani ya kichwa changu siku zote zile. Nilipiga magoti na beseni mkononi nikasema, "Samahani, baba. Msichana huyo ni mimi."

Kuku peke yake alikuwa anakwaruza chini kule nje.

Baba mdogo aliuliza polepole, "Na yule mwanaume?"

"Ni golikipa."

Ndilo jibu lililonitoka. Baba alifumba macho. Lakini yule mzee shahidi, ambaye tangu aingie hakuwa amesema neno, alisogea mbele kwenye kigoda chake.

"Golikipa yupi? Yule mrefu wa timu ya wilaya?"

"Ndiyo, babu."

"Aliyedaka penalti tulipocheza na watu wa Tarime?"

"Sijui, babu. Nadhani ndiye."

"Ndiye yeye!" Akampiga baba mdogo gotini. "Tumemwagiwa vumbi na yule kijana na hukuniambia nimtazame!"

Mama alikuwa wa kwanza kucheka, ameziba mdomo kwa kanga. Kisha baba. Baba mdogo hakucheka, ila hasira yake ilikosa pa kushika, akaomba maji zaidi anawe shingo. Niliwaeleza habari zote, za kikundi, za mawe, za basi lililoniacha. Mzee alitaka kujua kama golikipa alipigwa picha akiruka. Nikamwambia aliruka mpaka akachoka.

*

Baada ya chakula walituruhusu tusimame karibu na zizi, mahali ambapo wote waliweza kutuona. Ng'ombe walikuwa wanarudi. Kijana alikuwa mfupi kidogo kuliko mimi, na hilo halikumsumbua.

"Niliona poda," alisema. "Nisingesema."

"Najua. Asante."

"Zile picha zilikuwa za nini?"

"Za kujiona tu."

Alifikiri. "Mimi sijawahi kupigwa. Huwaga naona watu wengine kwenye fremu, najiuliza wanajisikiaje." Kisha akauliza kile alichokuja kuuliza. "Wewe unataka kuolewa, au wameitana wazee tu?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo, hata mama. "Sijui. Sitaki kukudanganya. Siku hizi nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kwenda. Ukinioa hivi utapata taabu."

"Basi nitawaambia mimi."

"Utawaambia nini?"

"Nitasema una kazi ya ushirika mjini, tungoje. Ikitoka kwangu haitakuwa aibu kwa baba yako."

Na ndivyo alivyofanya. Aliingia, akasema kwa heshima kwamba ameona ni vizuri kungoja. Baba mdogo alimtazama kama mtu aliyepoteza akili, lakini hakuweza kumlazimisha mbele yetu. Waliondoka jua likiwa bado liko juu kidogo, wakatuachia yule kuku, kwa sababu kumrudisha kungekuwa matusi.

Baba hakunigombeza. Alizunguka uani akiokota vitu visivyohitaji kuokotwa. Mwisho akasema, "Kumwita mtu na kumrudisha si jambo la mchezo."

"Nisamehe, baba."

"Kesho urudi kazini. Na hao wapiga picha, ni watu wa namna gani?"

"Ni watu wa kawaida, baba. Mmoja ni mwalimu."

"Hm," akasema, akaenda kufunga zizi.

Picha zilitoka baada ya majuma mawili. Zangu nyingi hazikufaa. Uso wangu ulikuwa umevutika pembeni kama moshi, na mwenyekiti alinipa bure kwa kuwa asingeweza kuziuza. Muuguzi alitoka vizuri katika zote, akawekwa kwenye dirisha la studio akakaa pale miaka, hata alipokuwa ameolewa Bukima na kupata watoto. Mwezi uliofuata nilikwenda tena na kikundi, na safari hiyo mwalimu aliniazima kamera nusu saa nzima. Mwishoni mwa mwaka nilinunua ya kwangu, kuukuu, yenye ufa kwenye mfuniko. Nyumbani walidhani nimechanganyikiwa. Mimi mwenyewe kuna siku nilidhani hivyo, hasa jioni za Jumapili, nilipokuwa narudi Buhare peke yangu na filamu moja ndani ya mkoba na sijui nitaipeleka wapi.

Yule kijana alingoja msimu mmoja wa pamba, kisha akaoa mwalimu wa watu wazima wa kijiji chao. Nilifurahi, na usiku ule sikulala, na hadi leo siwezi kueleza kwa nini yote mawili yalikuwa kweli. Nilikutana naye miaka kadhaa baadaye Bunda, nje ya kiwanda cha kuchambulia pamba, nilipotumwa na ofisi. Alikuwa amepanga foleni na magunia yake, na mtoto wa kike amelala begani.

Tulisalimiana vizuri. Alimuulizia baba yangu, nami nikamuulizia baba yake mdogo.

"Yupo. Bado mkali." Alimhamishia mtoto bega jingine. "Na wewe? Uliolewa?"

"Bado. Nimeomba kuhamishiwa Mwanza. Wakikubali nitakwenda."

"Mwanza kuna nini?"

"Sijui. Sijafika."

Alitikisa kichwa kwa upole, akicheka kidogo, na foleni ikasogea. Akaniomba nimshikie mtoto asukume magunia. Nilimshika. Alikuwa mzito, mwenye joto, ananuka maziwa, na hakuamka. Nilisimama naye pale juani, nimetulia kabisa kwa kuogopa kumwamsha, mpaka baba yake aliporudi kumchukua.